Watano Watano

Mama yangu alikuwa askari wa magereza, na mchezo tulioupenda sisi watoto wa kambi ulikuwa kuhesabiana. Mmoja anakuwa afande, anashika kijiti. Waliobaki ni wafungwa. Afande akipiga kelele "Watano watano!" mnakimbia kujipanga mistari ya watano, mnachuchumaa, mikono magotini, macho chini. Anayeyumba anatolewa. Tulicheza hivyo hadi giza linaingia, katikati ya yuniporti, vile vibanda vya bati vya duara walivyopewa askari: mchana vinakaanga, usiku mvua ikinyesha hamsikilizani. Kambi yenyewe ilikuwa Luzira, kilimani karibu na Port Bell, na ukijua pa kusimama unaliona ziwa.

Mchezo huo hatukuutunga. Asubuhi tuliwaona wafungwa wa kazi za nje, sare za manjano, wakihesabiwa wakitoka na wakihesabiwa wakirudi. Mama naye, akiwa na furaha, alitupigia hesabu kabla ya kuzima taa. Tulikuwa wanne, na kwa sababu lazima watimie watano, alimhesabu paka.

Baba ni Mgisu wa Mbale, mama ni Malur wa Nebbi, kwa hiyo nyumbani tulikutana kwenye Kiswahili cha kambi. Shuleni Kampala wenzangu walinicheka, wakisema hiyo ni lugha ya wezi na wanajeshi. Dharau hiyo tuliirithi enzi za Amin, mwanajeshi alipokupora alikupora kwa Kiswahili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni, na baadhi ya walionicheka sasa wananipigia simu niwatafutie mwalimu wa watoto wao. Gerezani hakikungoja uamuzi wa mtu. Ukiwaweka ndani ya ukuta mmoja Mwacholi, Mlugbara, Mkongo na dada wa Sudan Kusini, watapata tu cha kusemezana, na mara nyingi kitakuwa hicho.

Mimi nikawa mchezaji ngoma. Nilianzia kwenye mashindano ya muziki ya shule za msingi, yale ambayo mwalimu wa ngoma anaogopwa kuliko mwalimu wa hesabu. Huko mtoto wa Mgisu anajifunza bakisimba ya Waganda, larakaraka ya Waacholi na runyege ya Wanyoro, na anazicheza kama za bibi yake. Nikaingia kundi la kucheza kwenye harusi, kwanjula (sherehe za Waganda za kumtambulisha mchumba ukweni) na hoteli za watalii. Miaka sita iliyopita rafiki mmoja aliniomba niende naye kwenye gereza la wanawake huko kaskazini, ambalo sitalitaja, nikafundishe ngoma mara moja kwa wiki. Nilikubali haraka. Nilidhani nakwenda kuwachangamsha.

Siku ya kwanza walinzi wa geti waliitilia shaka ngoma yangu. Walitaka kujua ndani kuna nini. Niliwaambia hewa. Haikuwafurahisha, ngoma ikabaki getini, nikaingia na filimbi tu. Nikapewa chumba cha ibada, sakafu ya saruji, madirisha juu, na wanawake 23 miguu mitupu. Nikaanza kama nilivyoanza maelfu ya mara maishani mwangu: magoti kwanza. Bakisimba yote inakaa magotini.

"Pindeni magoti," nikasema. "Shukeni. Chini. Chini kabisa."

Wakashuka. Wote kwa pamoja, bila sauti. Mikono magotini, macho chini. Na walipokuwa wanashuka walisogea kidogo, huyu hatua moja kushoto, yule hatua moja nyuma, hadi nikaona mbele yangu mistari minne ya watano na watatu mwishoni. Hakuna aliyewaambia wajipange.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa papo hapo. Sikuelewa. Niliona nidhamu, nikafurahi. Walifuata kila hatua niliyowapa, nikarudi nyumbani nikimsimulia mume wangu jinsi wanafunzi wangu wanavyojifunza upesi kuliko watoto wa shule. Ilikuwa wiki ya nne ambapo katikiro wao, yaani mfungwa anayewaongoza wenzake wa wadi moja, chumba wanacholala, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinisogelea wakati natafuta viatu vyangu.

"Mwalimu, usikasirike," akaniambia. "Sisi hatujacheza bado. Wewe unatuhesabu tu."

Usiku huo ndipo nilipoisikia vizuri sauti yangu inavyosema "chini kabisa". Ilikuwa ya mama.

Baadaye nilihudhuria mafunzo ya siku chache Kampala, kwa watu wanaotumia uchezaji kutibu majeraha ya moyo. Mengi yalikuwa makaratasi, lakini mambo mawili yalinikaa. La kwanza ni habari za Marian Chace, mwalimu wa ngoma Mmarekani ambaye mwaka 1942 alianza kufanya kazi na wagonjwa katika hospitali ya akili ya St. Elizabeths, Washington. Baadhi yao walikuwa wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili, na wengine walikuwa hawasemi na mtu. Hakuwaletea hatua za kujifunza. Alitazama kwanza: huyu anatikisa mguu, yule anajipembeza. Kisha mwili wake ukafuata wa mgonjwa, polepole, hadi mgonjwa akagundua kwamba kuna mtu amemwona. Mimi nilikuwa nimekwenda gerezani kufuatwa.

La pili ni kuhusu woga wenyewe. Mtu akikutana na hatari asiyoweza kupigana nayo wala kuikimbia, mwili hujigandisha. Pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, na wengine husema walijiona kama wanajitazama kutoka darini. Hatari ikipita, kuna miili ambayo haipati habari kwamba imepita. Funguo zikilia, mlango ukijibamiza, moyo unaenda mbio upya. Sasa fikiria mtu huyo umemleta aishi mahali ambapo sauti kuu ni funguo na milango. Magereza ya Uganda yana watu zaidi ya 70,000, yalijengwa kwa watu kama 20,000, na karibu nusu yao bado wanangoja kesi zao ziishe. Mmoja wa wanawake wangu alinieleza wanavyolala: ubavu mmoja wote, na usiku wa manane anayetaka kugeuka anasema, wanageuka wote. Nilipowaomba wanyooshe mikono pande zote mbili bila kumgusa mwenzao, alinyoosha, akaangalia kiganja kimoja kisha kingine. Alikuwa hajafanya hivyo tangu aingie, na alikuwa ameingia miaka mitatu nyuma.

Basi nilirudi bila ngoma, bila filimbi, bila mpango. Tukakaa duara. Mmoja akasema, "Mimi sijui kucheza." Nikamwuliza asubuhi alifanya kazi gani. Kuchambua maharage. Nikamwomba anionyeshe. Akakaa na ungo asio nao, vidole vikipita juu ya maharage yasiyokuwepo, haraka, haraka, kama kuku anavyodonoa. Nikafuata. Jirani yake akafuata. Tulipofika duara nzima, vidole 50 vya mikono ya kulia vikidonoa hewa (ndiyo, nilivihesabu, vidole viwili kwa kila mtu, mimi nikiwemo, na mwingine aliyekuja tu kuchungulia akaingia), yule wa kwanza akapata harage bovu. Akaliinua juu, akalitazama kwa dharau ya bi harusi aliyeletewa zawadi ndogo, akalitupa nyuma ya bega. Wakaangua kicheko. Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa na namna yake ya kutupa harage bovu, na wengine walilitupa kwa mguu, na mmoja aliliponda kwa kisigino, mara nyingi kuliko harage linavyohitaji. Hatukumwuliza ni nani.

Hiyo ikawa ngoma yetu ya kufungulia hadi leo.

Sheria tukaiweka moja tu: anayetaka kukaa akae, haombi ruhusa, hatoi sababu. Mkuu wa gereza hakuipenda mwanzoni. Aliogopa nitaishia na mtu mmoja anayecheza na 22 waliolala. Lakini mfungwa hachagui saa ya kuamka, hachagui chakula, ni posho, yaani ugali, na maharage, saa kumi jioni mlango unafungwa atake asitake, na hata haja ndogo ina zamu yake. Wengi wao nje pia hawakuwa wakichagua, walikuwa na waume ambao ukisema hapana unapigwa. Dada mmoja alikaa ukutani wiki saba. Alikuja kila Jumatano, akakaa, akatazama vidole vyake vya miguu. Wiki ya nane alikuja akakaa tena, lakini kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinagonga saruji, na kilikuwa kinagonga mahali pake kabisa. Nilifuata na changu. Hakunitazama. Nami sikumtazama, na nadhani hilo nililifanya vizuri, katika mengi niliyoharibu.

Niliharibu, kwa mfano, siku niliyosema, "Fumbeni macho." Kwenye mafunzo tulifumba macho kila siku, tukapumua, ikawa raha. Lakini tulikuwa watu ambao hatujawahi kushtukizwa usingizini na mtu mwenye panga. Dakika haikuisha, mwanamke mmoja akaanza kupiga kelele, akarudi nyuma hadi kona, mikono usoni. Mimi nikamkimbilia nimkumbatie. Katikiro akanishika kiwiko kwa nguvu.

"Usimguse."

Akachuchumaa mbali kidogo, akamwita kwa jina, taratibu. Akamwuliza leo siku gani. Akamwambia aweke nyayo zote mbili chini, asikie saruji ilivyo baridi. Akamwuliza nani kapika leo, posho ilikuwa na madonge au haikuwa. Yule akajibu, kwa kukatakata, kwamba ilikuwa na madonge. Kikombe cha maji kikapita mkono kwa mkono. Haya katikiro hakuyasoma popote. Anayafanya usiku wadini, mtu akiota vibaya, na hakuna wa kumwita kwa sababu mlango haufunguliwi. Nilichokuwa nimelipia nauli kwenda kujifunza Kampala, kilikuwa kimekaa mbele yangu muda wote na sare ya manjano.

Ngoma hatimaye iliruhusiwa, baada ya mwaka, lakini kufikia hapo tulikuwa tumezoea jerikeni. Jerikeni ya lita ishirini ukiipiga chini inatoa sauti ya ngoma kuu, ukiipiga ubavuni inalia kama ndogo. Vikombe vya plastiki vikasimama mahali pa vibuyu vya larakaraka, ambavyo Waacholi huvipiga kwa spoki za baiskeli. Spoki getini hazipiti, usijaribu.

Na vigelegele. Hili sikulijua thamani yake hadi lilipotokea. Mmoja alipata barua kwamba kesi yake imepangiwa tarehe, baada ya kungoja muda mrefu, na katikati ya kucheza mwenzake akampigia kigelegele. Wote wakaitikia. Ukumbi mdogo, wanawake 23, dari ya bati. Askari wakaja mbio kutoka pande tatu wakidhani ni fujo, mmoja kofia mkononi. Tukasimamishwa wiki mbili tukieleza. Lakini mimi nilikuwa nimeona mabega yao. Kigelegele ni pumzi ndefu inayotoka, ndefu kuliko mtu aliyejibana anavyokubali kuitoa, na pumzi ya kutoka ikirefuka, moyo hupunguza mbio. Wataalamu hufundisha hilo kwa kuhesabu moja hadi sita huku umekaa kitini. Bibi zetu walilifanya wakiwa wamesimama mlangoni mtoto akizaliwa. Siku hizi nawataarifu askari mapema: saa tisa na robo kutakuwa na vigelegele.

Kuna mmoja nitamzungumzia kwa uangalifu. Ni Mwacholi, amepita miaka arobaini. Vita vya kaskazini vilianza miaka ya 1980 mwishoni, vikaendelea karibu miaka ishirini hadi mazungumzo ya Juba ya 2006, na yeye alichukuliwa na waasi akiwa mtoto wa shule ya msingi. Yaliyofuata porini hajanisimulia, na sijamwuliza. Waacholi wana neno, cen, roho ya mtu aliyekufa vibaya inayomfuata aliyehusika au hata aliyepita tu karibu. Waliorudi nyumbani kutoka porini, wazee waliwakanyagisha yai kabla ya kuingia uani. Yeye aliporudi hakukuta wa kumwekea yai. Miaka ikapita, akaolewa, kukatokea lililotokea, akafungwa.

Siku moja wasichana wawili walikuwa wanabishana jinsi shingo inavyokwenda kwenye dingidingi, ngoma ya wasichana wadogo wa Kiacholi. Yeye alikuwa amekaa. Akainuka akasema, "Si hivyo." Akatuonyesha. Mikono nyuma kidogo kama mbawa, shingo ikienda mbele na kurudi, miguu midogo midogo. Nimezoea kuona watu wazima wakicheza ngoma za watoto, huwa wanaigiza utoto. Yeye hakuigiza. Ilikuwa dingidingi ya mtoto wa darasa la tano, na makosa ya darasa la tano, hata ile haraka ya kumtupia jicho mwalimu kuona kama ameridhika. Alinitupia mimi hilo jicho. Alipomaliza akasema mara ya mwisho kuicheza ilikuwa muhula wa pili, na mashindano yalikuwa muhula wa tatu.

Haya ndiyo niliyoyauza.

Wafadhili waliokuwa wakitulipia nauli walitaka kuja kuona. Tulikuwa tunahitaji nauli, nikasema karibuni. Wakaja na kamera, soda na viti vya plastiki. Wanawake wakapangwa mbele, wageni mbele yao, kama mahakamani. Mgeni mmoja aliomba, kwa upole kabisa, yule wa dingidingi aeleze kwanza historia yake kidogo "ili tuelewe". Akanitazama. Ningeweza kusema hapana, sheria yetu ilikuwa moja tu na niliijua. Nikatabasamu. Akaeleza, sentensi tatu, kisha akacheza. Alicheza vizuri sana, shingo sawasawa, makosa yote ameyarekebisha. Wageni walilia. Picha zikapigwa.

Hakurudi kwenye duara kwa wiki tano. Nilimwomba msamaha kupitia katikiro, kisha mwenyewe kwenye mlango wa jiko. Akaniuliza kama soda zilizobaki wageni waliondoka nazo. Nikasema ndiyo. Akasema alijua. Wafadhili hao hatuko nao tena, na sasa nauli naitoa kwenye pesa za harusi.

Watu huniuliza kama inaponya. Wapo wanaolala sasa ambao hawakuwa wakilala. Yupo aliyetoka, akarudi ndani baada ya miezi minne kwa kosa lilelile. Yupo anayehitaji dawa na daktari wa akili, na mimi kumchezesha hakutampa dawa. Wengine huhamishwa usiku mmoja kwenda gereza jingine, unakuta Jumatano duara ina pengo na hakuna aliyeaga. Na tumbo likiwa tupu hakuna anayecheza. Tulipokuwa tukianza saa tano asubuhi, kabla ya chakula, niliandika kwenye daftari langu kwamba "kundi limezama katika huzuni". Lilikuwa na njaa.

Afande wetu wa mlangoni ni binti mdogo, kazini hajamaliza miaka miwili. Miezi ya kwanza alikaa akitutazama, kijiti mapajani. Siku fulani, bila kuambiwa, aligeuza kiti akatazama uani, mgongo kwetu. Hajaacha. Lakini mwisho wa kipindi lazima ahesabu kabla hajawarudisha wadini, hiyo ni kazi yake, na huhesabiwa kama popote: watano watano, chini.

Mwezi uliopita muda ulituishia. Kengele ya kufunga ilikuwa karibu, na wao walikuwa bado kwenye duara, wameshikana mikono, jasho likiwatoka. Afande akaangalia saa, akaangalia duara, akaamua kuhesabu vilevile walivyo. Akaanza kwa aliye karibu na mlango, akazunguka akigusa hewa kwa kijiti. Alipofika katikati wakawa wamesogea kidogo, ngoma ilikuwa haijawatoka miguuni, na yeye akazunguka nao. Alipomaliza hakujua alianzia kwa nani. Akaanza tena. Mara ya pili pia ikampotea. Mtu akaanza kumpigia makofi ya hesabu, moja, mbili, wengine wakadaka, na afande akawa anakwenda duara na kijiti chake kwa mwendo wa makofi, akijizuia kucheka na akishindwa. Katikiro akavua kitambaa chake cha kichwa akakiweka sakafuni mbele ya miguu yake, alama ya pa kuanzia. Ndipo akapata.

Wiki iliyofuata walichuchumaa kama kawaida.

Mama amestaafu, yuko Nebbi, magoti yanamsumbua. Nilipokwenda kumwona nilimsimulia yote hayo, huku natwanga karanga. Nikasimama hata kumwonyesha afande alivyozunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, akakaa kimya kama mtu anayepiga hesabu.

"Sasa," akasema, "walitimia?"

"Walitimia, mama. Ishirini na watatu."

"Haya," akasema, akanyosha mkono nimpe karanga.